Kikopo cha Kuvu, Mfuko wa Mbolea

Mvua ilimfanyia Injinia hisani ambayo hakuistahili hata kidogo. Ilimkuta barabarani akiwa hana mwamvuli wala mpango wowote wa maana, ikamsukuma hadi ndani ya ukumbi wa mikutano ambako bwana shamba alikuwa anawafundisha wakulima wa bondeni, wale wenye vishamba nyuma ya nyumba za pembezoni mwa mji. Jina la Injinia alilipata siku alipombebea injinia mmoja mkoba. Mkoba anao mpaka leo.

"Kuvu hawa hukaa kwenye mizizi," bwana shamba alikuwa anasema. "Hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikaenda mbali, pale mzizi usipofika, zikauletea mmea maji na fosforasi. Mmea nao unawalipa sukari."

"Kuvu?" akauliza Mama Mapacha, aliyekaa mstari wa mbele. "Si ndio hao wanaokaa katikati ya vidole vya mume wangu?"

"Hapana, mama. Hao ni wengine."

"Na hawa wako wanaonekana?"

"Kwa macho matupu, hapana. Mpaka hadubini."

Hapo Injinia akaacha kukamua shati lake. Maisha yake yote yalikuwa yameharibiwa na bidhaa zenye ubaya mmoja mkubwa: zinaonekana. Mikufu yake ya dhahabu iligeuka kijani shingoni mwa wateja, na manukato yake yalinuka kile hasa yalichotengenezwa nacho. Sasa sayansi yenyewe, bila kuombwa, ilikuwa inamletea mzigo ambao mnunuzi hawezi kuukagua.

"Ukimwaga mbolea nyingi ya fosfeti," akaendelea bwana shamba, "mmea unashiba, unaacha kuwategemea kuvu, na ushirikiano wao unafifia. Kwa hiyo pimeni udongo kwanza, mtumie kwa kiasi."

Nusu ya kwanza ya maneno hayo Injinia aliimeza. Nusu ya pili aliwaachia wenye haja nayo.

Alijua kwamba kila mkulima mle ukumbini alikuwa na mfuko wa mbolea nyumbani, mbolea ya bei nafuu waliyogawiwa kwa ajili ya msimu. Alijua pia nani angeifurahia. Mwenye duka la pembejeo alikuwa na binti aliyesimama kaunta kutwa, na binti huyo, kwa sababu ambazo hata mama yake mzazi hakuzielewa, alikuwa amemkubali Injinia. Baba ndiye aliyekuwa hajakubali.

"Maneno yako nimeyasikia, kijana wangu," mzee alikuwa amemwambia. "Ni mazuri sana, lakini hayajazi stoo. Jumapili kuna watu wanakuja kumposa huyu. Wana ng'ombe, wana lori, wana adabu. Kabla hawajafika niletee mzigo wa halali, nijue kama unaweza kulisha mke kwa kitu kingine zaidi ya mdomo."

Na Injinia, tumtendee haki, alimpenda yule binti. Alimpenda mpaka akafikiria kufanya kazi, ingawa wazo hilo lilimpita haraka.

Siku mbili baadaye alisimama katika ua wa Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima hao, mwalimu mkuu mstaafu mwenye sauti ya kutuliza mbwa. Injinia alivaa koti jeupe la muuza nyama, lililofuliwa hadi likawa la daktari, glavu mikononi na barakoa usoni. Mbele yake vilipangwa vikopo vyenye vumbi la tofali lililochekechwa vizuri. Lazima tukiri kwamba kulichekecha alilichekecha kwa moyo.

"Ndugu wakulima," akaanza, "ndani ya kila kikopo kuna kuvu wasiohesabika."

Mama Mapacha akafungua kimoja, akachungulia. "Mbona siwaoni?"

"Hiyo ndiyo dalili kwamba ni wenyewe, mama. Ukiwaona, umeuziwa bandia."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Injinia akashusha sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

"Ila kuna adui. Ile mbolea mliyoweka ndani. Ile ni sumu! Kuvu wakiinusa tu, kwisha habari yao. Mimi sitaki hela zenu. Kikopo kimoja kwa mfuko mmoja. Nachukua kifo, nawaachia uhai."

"Na hicho kifo utakipeleka wapi, mwanangu?" Mwenyekiti akauliza.

"Nitakiteketeza kitaalamu, mheshimiwa. Mimi hata kuigusa siigusi bila glavu. Mwenzangu mmoja alifungua mfuko achungulie tu, leo hii anatambuana na mkewe kwa sauti."

"Maskini!" Mama Mapacha akashika mdomo. "Na hivi alikuwa kijana kama wewe."

Wakulima wakatazamana. Mwenyekiti akakohoa, akasema watu wapewe siku moja, kwa sababu mifuko iko ndani kabisa, chini ya vitanda, na kuitoa kunataka maandalizi. Hakuna aliyebisha, wala hakuna aliyeuliza swali lingine. Injinia aliguswa na utiifu ule. Aliona kwamba bado dunia ina watu wema, na kwamba ni juu yake kuwatumia ipasavyo.

Kesho yake mifuko ilipakiwa kwenye mkokoteni. Injinia alisimama mbali, upande ambao upepo unatokea, barakoa imembana pua. Aliona kwamba midomo ya mifuko imeshonwa kwa nyuzi za kila rangi, mwingine kwa kamba ya viatu, akadhani ni uangalifu.

"Bosi," mpagazi akaita, "huu unatoka siafu. Nifungue nitazame?"

"Usifungue!" Injinia akapiga ukelele wa hofu safi hivi kwamba wakulima wawili wakampigia makofi. Angefanya nini? Mtu anayeikimbia sumu hawezi kuichungulia mbele ya watu aliowaambia inapofusha.

Aliingia dukani Jumamosi mchana, mkokoteni nyuma yake, kifua mbele. Binti alitabasamu akaacha kupima mbegu.

"Shikamoo, mzee. Mzigo huo hapo. Nimebadilishana na wakulima kwa hiari yao wenyewe."

"Marahaba," mzee akasema, akachukua kisu, akapasua mfuko wa kwanza.

Ulimwagika udongo mweusi, mzuri, wenye vipande vya mizizi ya mahindi na nyungunyungu mmoja aliyeshtuka sana. Mfuko wa pili ulikuwa na udongo na jiwe. Wa tatu ulikuwa na udongo na ganda la maharage. Katika wa nne mzee aliingiza mkono, akatoa kitu, akakipangusa taratibu.

"Injinia. Mbolea yako ina kandambili."

Mifuko yote! Hakuna hata mmoja aliyeona haya akaweka mbolea japo ya kuficha udongo. Kila mtu, peke yake, bila kikao wala ajenda, alikuwa amefikia uamuzi uleule: kikopo achukue, na mbolea abaki nayo.

"Watu hawana uaminifu siku hizi!" Injinia akafoka, na alimaanisha kila neno.

Binti alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akamtazama baba yake, akamtazama Injinia, macho yakamjaa machozi, akaingia ndani.

"Mzigo uache hapahapa," mzee akasema, "uwe fidia ya kunichafulia duka. Wewe nenda."

Injinia hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti, akamkuta barazani na Mama Mapacha wanakunywa chai. Nyuma yao, kwenye pembe ya baraza, palikuwa na lundo jeupe la mbolea lililochungulia chini ya shuka.

"Mheshimiwa, mmeniingiza mjini!"

"Sisi?" Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Kwa lipi, mwanangu?"

"Mmeweka udongo! Mbolea iko wapi?"

"Si ulituambia ni sumu? Inapofusha watu. Mama Mapacha hapa hakulala usiku kucha."

"Sikulala," Mama Mapacha akakubali. "Nikasema, huyu kijana wa watu, bado hata hajaoa. Leo tumpe sumu mkononi, kesho tutamwambia nini mama yake?"

Injinia akawashukuru kwa huruma yao, akaondoka.

Jumapili ilipita bila yeye. Jumatatu alijikaza, akarudi dukani kuomba radhi, na radhi ikikataliwa, kudai angalau mifuko yake. Akakuta foleni imezunguka kona. Juu ya mlango palibandikwa karatasi: UDONGO WENYE KUVU WA MIZIZI, KIKOPO KIMOJA KWA MTU.

"Kulikoni?" akamuuliza Mama Mapacha, aliyekuwa katikati ya foleni na vikopo viwili vitupu. Vilikuwa vyake Injinia, vimeoshwa.

"Bwana shamba alipita hapa jana. Amesema udongo huu wenye mizizi ya mahindi na maharage una kuvu wa kweli, ukitiwa kwenye mashimo ya kupandia. Sio lile tofali lako."

"Lakini mama, huu ni udongo wenu! Mmeuchimba wenyewe mashambani kwenu!"

"Wetu haukuthibitishwa," akasema Mama Mapacha, akasogea hatua mbele.

Injinia alipenya hadi kaunta. Binti alikuwa anachota udongo kwa upawa na kusawazisha kila kikopo kwa kiganja. Kidoleni alikuwa na pete ambayo Jumamosi haikuwepo. Injinia aliiona, na moyo ukamuuma kweli, uchungu wa kawaida kabisa kama wa mtu mwaminifu.

"Nimekuja..." akaanza.

"Foleni inaanzia kule nyuma, kaka," binti akasema bila kuinua macho.

Kaka. Hilo aliambiwa Injinia, aliyewahi kumuuzia kipofu miwani. Halafu akageuka, akatembea mpaka mwisho wa foleni, na Mwenyekiti, aliyekuwa wa mwisho, kwa adabu zake za siku zote, akasogea mbele kidogo ili apate pa kusimama.