Jasusi Asiyegusa Chumvi

Jumatatu, 12 Agosti

Yasuhiro amepiga simu. Mwanangu wa kumzaa, niliyemlisha tambi kabla hajaota meno! Anasema anakuja Ijumaa, siku ya mwisho ya Bon, sikukuu ya wafu kurudi nyumbani, na asipokuta meza ya darasa langu la tambi imejaa watu, anafunga nyumba na kunipeleka kwake Osaka. Ghorofa ya kumi na moja. Nikamuuliza unga wangu wa tambi, unaokandwa kwa miguu, huko nitaukanyagia wapi, kichwani kwa jirani wa chini? Akasema hapo ndipo penyewe, Mama, utapumzika. Nipumzike! Nikifa nitapumzika mpaka nichoke.

Kweli darasa langu lina wanafunzi wawili, mvua na paka. Wageni wote wanaishia ng'ambo ya mfereji, kwa Tokuyo. Ana bendera ya njano na kipaza sauti. Anawazungusha mjini akiwaonyesha mawe, halafu anawaingiza jikoni kwake wakanyage unga kwa muziki. Tambi zake zimelegea kama kamba za viatu. Watu wanafuata tabasamu. Na meno yenyewe si yake!

Nimepata akili. Nami nitatembeza watu, ila sionyeshi mawe. Nitaonyesha mzimu. Nimeutunga leo nikikata vitunguu. Bibi harusi aliyezama bwawa la Hisagi, zamani, njaa imemkausha kwa sababu mama mkwe alimnyima chakula. Jina lake Oshino, maana linasikika kama mtu anayevuta kamasi. Vazi limefungwa kulia juu ya kushoto, kama tunavyowavika maiti. Hana miguu, wafu wetu hawana. Anazunguka akitafuta bakuli moja tu la tambi.

Nililia mwenyewe. Labda vitunguu.

Tangazo nimelibandika kituo cha treni. Matembezi ya Mzimu, Kisha Tambi. Nimeliandika kwa herufi za watoto, ndizo pekee nizijuazo. Marehemu mume wangu alinifundisha kwa kuziandika juu ya mifuko ya unga. Shule sikuiona hata kwa dirisha.

Jumanne, 13 Agosti

Wamekuja! Mtu na mkewe kutoka Nagoya, na mzee wa Hiroshima mwenye kamera shingoni. Wachache, lakini watu ni watu.

Asubuhi niliwasha moto mlangoni kumkaribisha mume wangu. Nikampangia madhabahuni farasi wa tango aje mbio, na ng'ombe wa biringani wa kumrudisha taratibu. Kila mwaka namwambia asichelewe. Kila mwaka nahisi kachelewa.

Tukatembea. Kichochoro cha mapipa ya soya, daraja, mwisho bwawani. Nikawasimulia. Nilipolitaja jina la Oshino vyura wakanyamaza wote pamoja, kama mtu kawaziba midomo. Maji yakawa laini kama kioo. Mke wa Nagoya akamng'ang'ania mumewe. Nikasema moyoni, Tokuyo, kwisha habari yako.

Kurudi jikoni, naona mmoja kazidi. Mwanamke kijana kasimama kizingitini. Yukata nyeupe, vazi letu jepesi la kiangazi, inachuruzika maji. Kulia juu ya kushoto! Pindo linaburuta sakafuni, miguu huioni. Hasemi neno.

Nikaelewa palepale. Jasusi wa Tokuyo! Tena kavalishwa mzimu wangu ili nichekwe. Mwanamke yule ana masikio ya popo, hadithi imemfikia kabla sijaimaliza.

Sikumfukuza. Anayefika mlangoni kwangu anaingia, jasusi au asiwe jasusi. Nikampa taulo, nikamuuliza mama yake anajua kwamba anatembea na nguo mbichi? Wageni hawakumsalimia hata kwa kichwa. Watu wa mjini! Bwana wa Nagoya aliuliza tu kama nimeacha friji wazi, maana miguu yake imeingia baridi.

Jumatano, 14 Agosti

Jasusi alifika kabla ya wote. Kaloa vilevile. Taulo langu sijui kalipeleka wapi.

Leo donge. Kiangazi chumvi huongezwa kwenye maji ya kukandia, la sivyo donge linalegea. Kipimo kiko kwenye ulimi wangu, na hicho ndicho Tokuyo anachokitafuta. Nikapitisha bakuli la chumvi, hiyohiyo tunayojinyunyizia tukitoka mazikoni kufukuza wafu, kila mtu achote. Lilipomfikia jasusi, akarudi nyuma mpaka ukutani, kama nimempelekea makaa ya moto. Kumbe Tokuyo anawaambia watu natia chumvi nyingi! Nimemsikia kwa macho yangu.

Kukanyaga. Donge ndani ya plastiki, mkeka juu, watu juu ya mkeka. Mke wa Nagoya alicheka mpaka akasahau woga. Ikaja zamu ya jasusi. Akakanyaga, akakanyaga. Donge likabaki limevimba kama kichwa cha mtoto, halina hata mkunjo. Nikamwambia binti, unakanyaga au unaliomba radhi? Kula kwanza, ndio uje kwenye kazi ya watu wenye uzito! Mzee wa Hiroshima akaniuliza kwa upole, Bibi Masue, unaongea na nani? Nikamwambia aangalie donge lake, limekaa kama mto wa hospitali.

Halafu nikamtazama vizuri yule mtoto wa watu. Mashavu yameingia ndani. Hasira ikaniisha. Jasusi ndiyo, lakini nani kamkondesha hivi? Nikamfungua mkanda, nikamfunga upya sawasawa, kushoto juu, kama mtu aliye hai. Chini ya kitambaa alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikamsugua mgongo kwa viganja vyote viwili. Nikamkalisha. Tambi zilizochemshwa, chumvi yote imebaki kwenye maji. Supu ya dagaa, vitunguu vya majani. Nikamwambia kwangu hakuna anayetoka na njaa, hata kama anatumwa na nyoka.

Akala. Ee, alikula! Bila kupumua. Nilipoliinua bakuli lilikuwa limejaa maji ya kijani, na jani la yungiyungi juu yake.

Mbinu ya Tokuyo hiyo, kunichafulia vyombo.

Mzee wa Hiroshima alinionyesha picha zake. Zote ni mimi, nimekumbatia hewa. Kamera kubwa, kazi bure.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo amekanyaga!

Donge lililolazwa tangu jana nililikuta lina nyayo mbili katikati. Ndogo, vidole vyote vinahesabika, maji yametuama ndani yake. Jasusi amesimama kando. Pindo limepanda, na chini yake miguu. Ya bluu kidogo, lakini miguu. Nikampigia makofi. Hakuna asiyefundishika akipata mwalimu mkali.

Safari hii wageni walimwona. Waliondoka wote watatu, viatu vimebaki mlangoni. Nikawapigia kelele warudi kuvichukua. Wapi!

Nikiwa na hasira hiyo akatokea Tokuyo na bendera yake. Nikamwambia shoga, mchukue mtu wako, ananikimbizia wateja. Akasema Masue, mimi sina mtu, wangu wote wameniacha, wanaulizia mzimu wako. Akachungulia nyuma ya bega langu. Bendera ikamdondoka. Sijawahi kumwona akikimbia, na magoti yale! Uigizaji mzuri, lazima niseme.

Jioni kabla ya jua kuzama akaja mtawa Kakujun kumsomea mume wangu sala. Akaniuliza jina la Oshino nimelipata wapi. Nikamwambia kwenye vitunguu. Uso ukambadilika. Akasema liko kwenye jiwe nyuma ya hekalu, limefunikwa na kuvu, hata yeye aliligundua kwa kulisugua na brashi. Mimi jiwe sisomi, na nyuma ya hekalu sijafika, kuna nyuki.

Akauliza, Bibi Masue, umemlisha? Nimemlisha. Umemfunga vazi? Nimemfunga, lilikuwa limekaa vibaya. Kulia juu au kushoto juu? Nikamwambia kushoto, kwani mimi nimerogwa? Mtawa akakaa chini, juu ya gunia la unga, na joho lake jeusi.

Akanisihi. Kesho jioni wafu wote wanaagwa. Nimtengenezee Oshino ng'ombe wake wa biringani, nimuweke kando ya ule wa mume wangu, ili apate cha kumbeba. Asipoondoka kesho, akasema, kwa vile ulivyomvika na kumlisha, haondoki tena.

Nimemtengeneza, miguu ya vijiti na mkia wa nyuzi za mahindi. Kumheshimu mtawa tu. Lakini naona Tokuyo amemrubuni hata yeye. Na lile jiwe nani kalichonga?

Ijumaa, 16 Agosti

Meza imejaa! Mji mzima umesikia. Wamekuja hata kutoka ng'ambo ya milima, wamejibanza, wengine wamesimama na bakuli mkononi. Jasusi anakanyaga, mimi nasukuma na kukata. Hakuna aliyethubutu kumsemesha, wala aliyetoka.

Katikati ya shughuli biringani za kukaanga zikaisha. Dukani mbali. Nikaangalia madhabahuni. Ng'ombe wawili, wanene, wanang'aa. Biringani ni biringani. Nikawatoa vijiti, nikawakata, nikawatumbukiza kwenye mafuta. Watu walisifu sana.

Yasuhiro akaingia na suti yake. Akaona meza. Kama baba yake, hakubali kushindwa, akasema sawa, Mama, leo wamejaa, lakini umri huu utafanya kazi na nani? Nikamwita jasusi. Kwa vile jina lake hataki kulitoa, nilimwita Oshino.

Akaja. Sakafu ilikuwa inalowa mbele yake kabla hajafika. Akamwekea Yasuhiro bakuli, akamwinamia, nywele zikamdondokea begani. Mwanangu akanyanyua macho, akamtazama usoni. Mimi nilikuwa nyuma, sikuona alichokiona. Jikoni lote lilinyamaza kama vyura wa bwawani.

Yasuhiro hakula. Akaniambia Mama, kaa. Kaa hapa, kaa unavyotaka, Osaka hakuna nafasi. Tena usije Osaka. Akakimbilia treni bila hata kungoja moto wa kuaga. Nimemfungia tambi, kazisahau.

Jua likizama nikauwasha moto. Mtawa akaja anahema, akauliza ng'ombe wako wapi. Nikamwambia vipande vimebaki viwili, aonje. Hakuonja. Alisimama anautazama moshi. Haukupanda juu. Ulijikunja, ukageuka, ukaingia ndani ya nyumba kama mtu aliyesahau kitu.

Upepo wa kaskazini.

Jumamosi, 17 Agosti

Ushindi! Osaka basi, nyumba yangu, unga wangu. Tokuyo ameshusha bendera. Na jasusi wake kamkimbia, amehamia kwangu kabisa, analala ghala la unga. Anakanyaga kunishinda. Chumvi tu ndiyo hagusi, naichanganya mwenyewe.

Kiti cha marehemu mume wangu kimeloa asubuhi hii, na jikoni kunanuka tumbaku yake. Nimemwita fundi aangalie paa. Mvua haijanyesha, lakini mapaa ya zamani yana mambo yake.

Nimepata akili nyingine. Bibi harusi mmoja kanijazia meza, je, jeshi? Nimetunga kikosi kizima cha wapiganaji, waliokatwa vichwa kilimani kule kwenye misonobari. Njaa tupu, hawakupewa chakula kabla ya vita. Kila mmoja nimempa jina. Leo nimeyasoma yote kwa sauti, nione kama yanapendeza.

Tatizo moja. Hawana vichwa, watakula kupitia wapi? Nikamuuliza Oshino. Alitazama kilimani kupitia dirishani, muda mrefu, halafu akaanza kupanga bakuli.