Mikebe Kumi na Tisa Ndani ya Chumba Kimoja

Kibomet, Kitale
14 Januari

Kwa Baba Mkwe, Mzee Mukhisa,
Tongaren.

KUH: MIMEA YA MAMA KUNIPOKONYA HEWA, SAHANI NA KONA YA MTOTO

Mzee wangu mheshimiwa,

Pokea salamu zangu na za binti yako Everlyne. Sisi hatujambo, ila tumelowa. Najua malalamiko haya yangefaa kumwendea Mama mwenyewe, kwa kuwa mimea ni yake. Lakini mila zetu unazijua kuliko mimi: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kuandikiana kuhusu chumba cha kulala. Kwa hivyo nayapitisha kwako, kama mahari ilivyopitia kwako.

Nikukumbushe tulikotoka. Mwezi wa Novemba ulivuna vizuri, Mungu akuzidishie, na magunia ukayapanga sebuleni hadi karibu na dari ukingoja bei ipande. Mahindi yanataka nyumba kavu. Mimea ya Mama inataka nyumba yenye unyevu. Mmoja alipaswa kuhama, na wewe ukaamua mahindi yabaki. Sikulaumu, maana hakuna aliyewahi kusonga ugali wa majani ya pambo. Ila wakimbizi hao kumi na tisa, kila mmoja na mkebe wake wa mafuta ya kupikia, walishushwa mlangoni pangu kwa pikapu, tukaambiwa ni kwa wiki mbili. Hii ni wiki ya tisa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee, hapa jembe nimeshika mimi, na wageni wamekaa wananitazama.

Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi na mbili. Kina mlango mmoja, dirisha moja, na pazia linalotenganisha kitanda na meza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nafasi. Mama alihudhuria mafunzo ya kikundi cha akina mama kule Bungoma, akarudi na sheria kwamba mimea ikibanana hewa haipiti, na hewa isipopita majani huoza. Kwa hiyo kati ya mkebe na mkebe kuna shubiri moja, na kati ya mikebe na ukuta shubiri nyingine. Mimea inapumua vizuri sana. Waliobanana ni mimi na Everlyne, na sisi hakuna aliyetupima kwa shubiri.

2. Mlango. Dirisha moja haliwezi kuvuta hewa peke yake, hilo nakubali, ni jambo la kweli. Basi mlango nao huachwa wazi kidogo kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Uwazi huo unamtosha kuku wa jirani yetu Phelista, ambaye ameshataga mara mbili chini ya kitanda. Mayai tumerudisha. Kuku amekataa kurudi.

3. Feni. Ndiyo, Mzee, feni, mjini Kitale, ambako alfajiri ya Januari mtu hupuliza vidole kabla ya kufunga vifungo vya shati! Everlyne alinunua ndogo na kuielekeza ukutani, kwa sababu upepo wa moja kwa moja hukausha ncha za majani, lakini ukigonga ukuta hurudi ukiwa mpole. Unarudi mpole kwa mimea na mkali kwangu. Mimi nalala na soksi na koti la kazini.

4. Unyevu. Kila mkebe umewekwa juu ya sahani yenye kokoto na maji, ili mvuke upande taratibu. Tulikuwa na sahani nane za harusi, zikaisha, zikafuata za plastiki, na sasa mimi na mke wangu tunakula kutoka kwenye sufuria moja tukisubiriana tonge. Nguo zilizofuliwa nazo huanikwa ndani, juu ya mimea. Nikafanya kile kipimo ulichonifundisha mwenyewe mwaka tulipooana: mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa, tikisa, chumvi ikishika kwenye chupa mahindi bado mabichi. Nilichukua mahindi yako yaleyale uliyotugawia, makavu ya kuvunjika jinoni, nikayalaza usiku mmoja kwenye karai wazi hapa chumbani. Asubuhi nikatikisa, chumvi ikashika chupa nzima! Kwa kipimo chako wewe mwenyewe, Mzee, hata mimi mkweo sifai kuingizwa ghalani. Ningerudishwa nikaanikwe.

5. Ukaguzi. Mama huja kila Alhamisi. Kwa kuwa chumba chote ni cha kulala, haingii. Husimama nje dirishani na kukagua kutoka hapo, huku Everlyne akigeuza mkebe mmoja baada ya mwingine. Hiyo ni heshima kubwa na ninaishukuru. Shida ni kwamba dirisha na mlango vimepakana, na wiki iliyopita alifika mapema nikiwa na fulana na taulo. Kutoka singeweza bila kumpita mama mkwe nikiwa hivyo. Nikachutama nyuma ya ule mmea mkubwa wenye majani yaliyotoboka. Nikamsikia akisema, "Everlyne, na hiyo kitu nyeusi nyuma ya majani ni nini? Si uitoe, ati inazuia hewa." Mke wangu alijibu kwamba ni gunia la makaa. Nilibaki gunia la makaa kwa dakika arobaini.

6. Kona ya mtoto. Hapa naacha mzaha. Kama ujuavyo, tunatarajia mtoto mwezi wa Machi. Katika chumba hiki kuna kona moja tu yenye mwanga na isiyopigwa na upepo, na katika kona hiyo unakaa ule mmea mkubwa. Nyuma yake ukuta umeota ukungu mweusi wa upana wa leso. Mimi naogopa, Mzee. Naogopa kifua cha mtoto mchanga, na safari hii nataka kila kitu kiwe tayari na kikavu kabla hajaja. Hakuna mmea nitakaouonea haya mbele ya hilo.

Kwa sababu hizo nakuomba uchague mojawapo ya haya. Kwanza, mimea irudi sebuleni kwako na magunia yaje kwangu, tukivumilia vumbi na fukusi. Hilo likishindikana, basi itisha kikao cha ukoo, uitangaze mimea hiyo kuwa wanao halali, na kila mmoja akatiwe kipande cha shamba kama wana wengine, ajenge kwake. Na hilo nalo likishindikana, mimi, Everlyne na mtoto tutahamia sebuleni kwako kando ya mahindi, na mimea ibaki hapa Kibomet kama mpangaji. Mwenye nyumba nimeshamdokezea, akasema haina kelele kama mimi. Najua mwanamume kuhamia ukweni ni aibu. Aibu hiyo nitaibeba, mradi ni kavu.

Nisipopata jibu kufikia Jumapili, nitakodi pikapu niirudishe yote kumi na tisa langoni pako, na sahani zangu nitabaki nazo.

Nisalimie shemeji Wanyonyi na watoto wake, mlinzi wako Kipsang, ng'ombe wote hadi yule mwenye pembe moja, na washirika wa kanisa. Kwa Mama peleka heshima zangu kutoka mbali, kama inavyopasa.

Mkweo mtiifu na mwenye mafua,
Kizito

Tanbihi: Everlyne ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Hakucheka mahali nilipotarajia acheke. Ameniambia Mama hajali jani hata moja, na kwamba kwenye mafunzo yale ya Bungoma alisinzia. Mwaka jana, mimba yetu ya kwanza ilipoharibika, habari zilimfikia baada ya siku nne, na hata baada ya kuzipata hakuwa na pa kulala kwangu wala sababu ya kuja nyumbani kwa mkwe kila wiki. Sasa ana sababu kumi na tisa. Anapoagiza mkebe ugeuzwe, huwa anatazama kama miguu ya binti yake imevimba. Mzee, nimeona haya. Pikapu sikodi. Ukuta nitausugua na kuupaka chokaa kesho, na ule mmea mkubwa nitauhamishia upande wangu wa kitanda. Tafadhali mwambie Mama mimea imeanza kudhoofika na Alhamisi peke yake haitoshi. Na kama kule Tongaren umebaki mmea mmoja ambao lazima uangaliwe kila siku, aulete mwenyewe.