Wakamwana Wangu Saba na Mstari wa Kura

Ambindwile Mwakilindi,
Ikuti, Rungwe.

Kwa Ndugu Godwin,
Katibu wa Chama, Kata.

YAH: KURA ZANGU SABA ZILIZOSIMAMA UPANDE WA PILI

Ndugu Katibu,

Pokea salamu za mwanachama wako ambaye Jumamosi alipata mvua na kukosa kura. Mimi na mama Erasto hatujambo, migomba haijambo, ila moyo wangu ndio mgonjwa.

Siku hiyo tawi letu lilikutana katika darasa la shule ya msingi kumchagua mjumbe mmoja wa mkutano mkuu wa wilaya. Tulikuwa wagombea wawili: mimi na Bi Mwanajuma Suleimani, fundi cherehani wa pale senta, ambaye babu yake alitoka pwani. Simsemi vibaya. Ni mama mwenye adabu, na Jumapili alinitumia sahani ya vitumbua vya pole, ambavyo nilivila kwa niaba ya umoja wa chama. Yeye alipata kura thelathini na moja, mimi ishirini na nne. Tofauti ni saba, na hao saba ni wakamwana wangu: wake wa wanangu watano, na wake wa watoto wawili wa marehemu kaka yangu.

Nina miaka thelathini na miwili katika chama hiki. Nimebeba mabenchi, nimesimika milingoti ya bendera, nimepiga makofi hata kwa hotuba nisizozisikia. Sijawahi kuwa mjumbe wa chochote. Nilitaka mara moja tu, kabla magoti hayajaniacha, niingie ukumbini Tukuyu nikiwa na kitambulisho shingoni. Iliniuma, Ndugu Katibu, na sioni haya kulisema. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi za kura hazikufika, msimamizi akaamuru tupange mstari, kila mwanachama nyuma ya mgombea wake. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua. Kwetu mkamwana hamkaribii baba mkwe, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja lazima aingie migombani. Leo anaambiwa asimame nyuma yangu, pua kwenye kola! Wote saba walijifunika khanga wakakimbilia upande wa pili wa darasa. Wanangu wakabaki nyuma yangu, wakiwatazama wake zao ng'ambo.

2. Nilimwomba msimamizi, yule kijana Nelson, awahesabu pale walipotaka kusimama, si pale waliposimama. Akajibu kwamba yeye anahesabu vichwa, mioyo haimo kwenye mwongozo.

3. Nikapendekeza shuka. Andrea, anayekaa jirani na shule, akaleta la kitandani kwake ili litundikwe katikati wasinione. Nelson akalikataa, eti nyuma ya shuka wanaweza kujificha watu wa tawi jirani la Masukulu. Basi nikatoka mwenyewe nje kwenye mvua, nikaacha koti langu kitini ili wapange mstari nyuma ya koti. Hawakulisogelea. Koti la baba mkwe ni baba mkwe. Nilifurahia malezi yao huku nalowa.

4. Mwishowe Nelson akasema kila mmoja ataje kwa sauti jina la anayemtaka. Ndugu Katibu, mkamwana anayetaja jina la baba mkwe mbele za watu ataweka wapi uso wake? Wakanyamaza wote saba, na ukimya ule ukaandikwa kuwa ni kura za Bi Mwanajuma! Nilichungulia dirishani, kwa jicho moja tu ili nisivunje mila, nikamwona Neema, mke wa Erasto, mabega yakimtikisika chini ya khanga. Alikuwa akilia kwa uchungu wa kushindwa kunisaidia. Mara wenzake nao wakaanza kutikisika. Sijawahi kuona wakamwana wenye huruma kiasi kile.

5. Maana ya utaratibu huu ni kwamba chama kinamwadhibu mzazi wa watoto wa kiume. Mwana ananipa kura, mkewe anaipeleka ng'ambo, mimi naambulia sifuri. Niko sawa na mtu asiyezaa kabisa. Ndiyo maana nimeanza kuchukua hatua. Kitinda mimba wangu, Asajile, ana mchumba kule Suma na posa imeshapokelewa, lakini nimemzuia asioe mpaka uchaguzi ujao upite. Sasa mama Erasto hasemi na mimi, binti hasemi na Asajile, na wazazi wa binti wanasema na kila mtu. Haya yote yameletwa na mwongozo wenu.

6. Kwa hiyo naomba matokeo yafutwe. Naomba pia kila mgombea mwenye wakamwana apewe kura zao moja kwa moja, bila kuwasumbua kuja mkutanoni. Vyeti vya ndoa vitatosha kuwa karatasi za kura. Utaratibu huu upandishwe mpaka ngazi ya taifa, ambako naamini wamo wazee wengi wanaoumia kimya kimya kama mimi. Wagombea wasio na wana nao wapewe muda wa kutosha wa kuzaa, ili pasiwe na upendeleo.

Nisalimie mama watoto, wazee wote wa kata na akina mama wa kwaya. Nelson pia msalimie, ila yeye kwa ufupi. Ndaga fijo kwa kunisikiliza.

Ni mimi niliyelowa kwa ajili ya chama,

Ambindwile Mwakilindi

Nyongeza: Ndugu Katibu, baada ya kusaini niliona kwamba malalamiko bila ushahidi ni maneno matupu. Nikaagiza wakamwana wapige kura ya siri hapa nyumbani, mimi nikiwa shambani nachuma chai, mama Erasto akisimamia kopo la kura. Kuandika jina si kulitaja, kwa hiyo mila haikuguswa. Nimelifungua kopo sasa hivi. Karatasi zote zimeandikwa Mwanajuma. Neema ameongeza chini kwamba Bi Mwanajuma huwauliza wanataka nini, na baba hajawahi kuwauliza. Ningewaulizaje, nami siruhusiwi kusema nao? Nikahesabu tena, nikakuta karatasi si saba, ni nane. Mwandiko wa ile ya nane naujua, ndio ulionijibu barua yangu ya uchumba.

Asajile aoe hata kesho. Ombi la namba sita likatae, kwa upole, na utaratibu wa kupanga mstari nakuomba usiuguse kamwe. Barua hii isomwe mbele ya tawi lote, lakini iishie kwenye sahihi yangu, na kipande hiki ukichane. Kwenye mstari, angalau, watu wote wanaamini ilikuwa ni mila.