Vazi la Taifa la Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mambo si ndiyo haya! Serikali inataka wanawake wavae vazi la taifa, na Jumamosi kuna maonyesho mbele ya waziri. Bosi kauliza mke wa nani atafungua jukwaa. Nikajibu wangu, kabla mwenzangu tunayemwita Mzee wa Tai hajameza chai yake. Naye anakitaka cheo cha mkuu wa kitengo. Imekula kwake! Bado kumwambia mke tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia. Ndiyo kwanza katoka zamu hospitalini, viatu mkononi. Akauliza kama serikali itamshikia zamu akiwa jukwaani. Havai, kasema, akalala. Naona ni uchovu tu.

Jumatano, 5 Machi
Mpango! Nashonesha vazi kwa siri, akiliona atalainika. Vipimo sina. Nimechomoa gauni la buluu chini kabisa ya sanduku lake, lile asilolivaa kamwe. Hatajua.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Nilimwambia fundi atumie lile gauni. Kalitumia! Kalikata, kaligeuza bitana. Eti kitambaa kama hicho hakipatikani siku hizi.

Ijumaa, 7 Machi
Mke kalitafuta gauni. Kumbe alishonewa na marehemu mama yake, kwa mkono, mwaka ule wa ugonjwa. Nikamwonyesha vazi. Nikasema mama bado yumo, upande wa ndani. Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alikaa kitandani akipapasa mishono, akauliza mara moja tu: "Hukuweza kuniuliza?" Jioni kachukua watoto, kaenda kwa dada yake.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu akaitwa. Nikapanda mwenyewe, vazi kwenye hanga. Waziri akauliza mvaaji yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mke wa Mzee wa Tai akapita kama tausi. Nyumbani kimya. Nimekula mkate mkavu, nimesimama.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kapiga simu. Mdogo wake halali, haongei, analia tu. Nami nikalia. Cheo sikitaki tena. Namtaka mke wangu. Nikauliza nifanye nini. Akasema mke wangu alitaka kuulizwa, basi.

Hapo nikaelewa! Nimempigia bosi: kesho asubuhi anakwenda kwa shemeji na mpiga picha, amwulize mke wangu rasmi, kwa niaba yangu, kama atarudi nyumbani. Mke sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.