Kwenda Masaa Matatu, Kurudi Matano

4 Septemba 1995, Jumatatu

Jumamosi Mbinya wangu anaenda Johannesburg kusomea uuguzi. Miaka mitatu. Tiketi imekuja leo, nimeisoma mwenyewe, polepole, kwa kidole. Ndege inatoka Nairobi saa mbili asubuhi, inafika kule saa tano. Masaa matatu tu. Hata basi la Kitui halinifikishi kwetu hivyo. Nikaanza chapati kwa furaha. Halafu nikasoma ya kurudi. Inatoka saa sita mchana, inafika saa kumi na moja. Matano! Chapati zikaungua. Kwenda karibu, kurudi mbali. Mtoto atarudi kweli?

Jumanne

Nimemuuliza jirani, Phelister. Mwanawe Caleb yuko London mwaka wa sita, na mtaa mzima wa Jericho tunajua. Akacheka. Eti Mama Mbinya, shule uliikimbia, sasa inakukimbiza wewe. Nikamwambia alete karatasi ya safari ya Caleb. Akaitoa ndani ya Biblia. Kwenda masaa sita. Kurudi kumi na mawili. Akaacha kucheka. Caleb hajarudi hata Krismasi moja. Tukanywa chai. Nimemsamehe ya shule.

Jumatano

Ofisi ya tiketi, mjini. Nimeomba Mbinya arudishwe kwa ile njia ya kwendea. Msichana akauliza kama msafiri ni mimi. Nikasema la, mimi ndiye nitakayengoja. Akanipa kiti na maji. Njia hakunipa.

Alhamisi

Nimegundua. Kurudi ni kupanda mlima. Basi la Kitui pia hutambaa likijaa. Dawa ni mzigo mwepesi: asichoenda nacho hatarudi nacho. Nikatoa kwenye sanduku viatu, sweta mbili na kitabu kimoja kizito sana. Mbinya amevikuta chini ya kitanda changu. Hakugomba. Amenikalia mapajani kama zamani, na miaka yake ishirini. Goti linauma mpaka sasa. Sikumwambia ashuke.

Jumamosi

Ameenda. Baba yake, Kimanzi, dereva wa kaunsili ya jiji, anajua barabara zote. Amenieleza tukitoka uwanjani kwamba saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ndege ni masaa manne kwenda, manne kurudi. Nikakubali haraka, ili nilie kwa raha.

Jumapili

Kimanzi alisema kweli. Kosa ni la saa. Basi nimepanda kiti nikairudisha nyuma ile ya ukutani, saa moja. Tumefika kanisani watu wanatoka. Kimanzi hasemi nami. Sawa. Mbinya akitoka kule saa sita, kwangu atafika saa kumi. Nimemfupishia.

Nikamwambia Phelister arudishe saa yake nyuma masaa matatu, iwe kama ya London. Akasema nimechanganyikiwa, nimwache apike. Nimechungulia dirishani sasa hivi. Amepanda kiti.