Malalamiko Dhidi ya Mrusi Anayeujua Mlango Wangu

Noordin Shurie,
Masalani.

Kwa Bi. Arbia,
Mkutubi, Maktaba ya Wasomaji wa Tana,
Garissa.

KUH: RIWAYA YA KIRUSI INAYOHARIBU KINYONGO CHANGU

Bi. Arbia,

Asalaam aleikum. Natumaini wewe na vitabu vyako hamjambo. Mimi si mzima sana, na sababu ni kitabu ulichomwazima binti yangu Farhiya, mwalimu wa shule ya msingi hapa: ile riwaya ya Kirusi ya kurasa mia nane. Naomba uje uichukue upesi, kabla haijanipotezea kinyongo nilichokitunza miaka tisa.

Ndugu yangu wa tumbo moja, Mohamedamin, anauza mbuzi huko kwenu Garissa. Mwaka wa ukame alinywesha ng'ombe wake kisimani katika zamu yangu, mimi nikiwa msikitini naswali. Sijasema naye tangu siku hiyo. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Masalani, akabisha mlangoni kwangu, na mimi nilikuwa nimelala. Akarudi alikotoka. Mambo yalikuwa yametulia kabisa mpaka Mrusi wako alipoingia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hadithi yenyewe ni ya uchokozi. Mtu yumo ndani ya nyumba yake, nje kuna baridi ya kuua, ndugu yake anabisha. Hafungui. Asubuhi ndugu amekufa. Hakimu anamwachilia kwa sababu hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuamka. Hapo ni ukurasa wa tisini tu, na mtu mwenye akili angefunga kitabu. Mrusi anaendelea kurasa mia saba na kumi, akiuliza kama huyo bwana ameua au hakuua.

2. Farhiya hakukaa na uchokozi huo peke yake. Kila baada ya sala ya alasiri aliusimulia kwa Kisomali kwenye hoteli ya chai ya Bishara. Wiki ya pili, wazee wakaichukua kesi. Unajua kwetu mtu akifa mkononi mwa mwenzake, wazee hukaa wakaamua ni ukoo gani utoe ngamia. Basi wakakaa siku tatu kwa ajili ya huyo bwana wa kitabuni. Siku nzima ya kwanza iliishia kwenye swali la ukoo wake. Farhiya alipowaeleza kwamba marehemu ni wa kubuniwa, aliambiwa asimdharau maiti.

3. Mimi nilichaguliwa kumtetea mshtakiwa. Nilisema mlango ni wa mwenye nyumba, na aliyelala hana lawama mbele ya Mungu wala wanadamu. Nilikuwa nashinda, Bi. Arbia. Hata mzee Halake, ambaye hajakubaliana nami tangu tukiwa vijana, alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo Bishara, akiwa anamimina chai, akaniuliza kwa upole, akiniita ami kwa Kisomali:

"Adeer, hiyo siku Mohamedamin alibisha kwako, wewe ulikuwa umelala kweli?"

Nilijibu kwamba swali hilo halihusiani na Urusi. Bwana wa kitabuni akapatikana na hatia, lakini waliotoa hukumu walikuwa wananitazama mimi. Niliumia sana.

4. Hili ni la upelelezi, na naomba lichukuliwe kwa uzito. Mwandishi alikufa kabla babu yangu hajazaliwa. Hakuwahi kufika Masalani, hakuvuka Tana kwa mtumbwi, hakunywa chai yetu. Sasa aliambiwa na nani kwamba mtu wa namna hiyo huzuia pumzi akihesabu mabisho ya mlangoni? Kwamba mabisho yalikuwa saba? Kwamba hatua zikishaondoka huenda mlangoni, akauwekea kiganja, akasimama hapo mpaka miguu imfe ganzi? Hayo sikumwambia hata mke wangu. Nayataja kwa mfano tu.

5. Kitabu hakiharibiki. Dawa ina tarehe, ikipita mwenye duka anaitupa. Hata maziwa ya unga yana tarehe. Kitabu hiki kina umri wa zaidi ya miaka mia moja na bado kinamshika mtu koo kama kimeandikwa jana. Ofisi yako inaachaje kitu kama hicho mikononi mwa watu?

Kwa hiyo nadai kitabu kiondolewe katika kaunti yote, kuanzia Masalani. Ikishindikana, tafuteni fundi abandike ukurasa mmoja pale kwenye tisini, huyo bwana aamke afungue, wapeane chai, hadithi iishe tupumzike. Mrusi mwenyewe hawezi kukataa. Amekufa.

Nakuachia jambo hili nikiamini mtu anayeishi na vitabu vingi hivyo anajua hasara zake. Nisalimie wafanyakazi wenzako, wasomaji wote, mlinzi wa lango, na watu wote wa Garissa isipokuwa mmoja wa soko la mbuzi, ambaye anajijua.

Mimi mwenye kero,
Noordin Shurie.

N.B. Usije kuchukua kitabu wiki hii. Farhiya ananisomea peke yangu, na tumebakiza kurasa arobaini. Huyo bwana amefunga safari kwenda kwenye kaburi la ndugu yake na sijui atasema nini akifika. Nami ningekuwa yeye, sijui ningesema nini.

Kama una nakala nyingine, mpelekee Mohamedamin sokoni. Alisoma kuliko mimi, na kuna mahali nataka anifafanulie kwa mdomo wake mwenyewe, huku huku Masalani. Mwambie siku ile nilikuwa macho. Akikasirika ana haki. Aje akasirikie hapa.