Mashine Namba Tatu Inanionea

Jumatatu, 4 Machi

Ombi la likizo limekataliwa tena. Binti yangu anaolewa mwisho wa mwezi, mimi huku ugenini napiga deki. Mama watoto kapiga simu, kauliza nani atasimama kumwoza binti, au aazime baba kwa jirani. Mlinzi wa geti kaomba jana, leo kapewa. Kanionyesha kwenye kompyuta ya stoo, maringo tele. Lakini nimeona jambo. Chini ya ukurasa wa ombi lake kuna namba 1. Chini ya wangu, 3.

Jumanne, 5 Machi

Nimejifanya nafuta meza ya fundi kompyuta, yule dada mpole, nikamuuliza. Kasema, baba, zile seva tatu unazopangusa vumbi ndizo zinazojibu kila kinachoombwa kwenye mtandao wa kampuni. Namba kaiweka yeye, ili ukurasa ukiharibika ajue ni seva ipi iliyojibu. Nikauliza mtu anachaguaje. Kasema huchagui, unagawiwa, na zote ni sawa tu. Nikaitikia kwa adabu. Hata makarani wa dirishani husemwa wote ni sawa. Nani asiyejua wa kumkwepa?

Jumatano, 6 Machi

Nimeanza kwa upole. Namba 1 nimeipangusa kwa kitambaa kipya. Namba 3 nimeiacha na vumbi lake, ijue. Nikaomba. Limekataliwa, 3. Nikaomba tena. 3. Imening'ang'ania kama kupe. Fundi kasema ukishapokewa na moja, hiyohiyo huendelea nawe mpaka utoke. Mimi nitoke? Itatoka yenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi, ndoo mkononi, nimeizima 3. Nikaomba. Ikajibu 2: limekataliwa. Kumbe wameshaambiana. Nikazima na 2. Ikabaki 1, mpole wangu, peke yake. Nikaomba, ukurasa ukazunguka, ukazunguka, nikaomba tena na tena. Kampuni nzima ikakwama. Malori getini hayana vibali, wahasibu wamejaa koridoni kama waliofiwa. Fundi akatazama namba zake: tangu asubuhi kila ombi limeangukia 1 mpaka ikaelemewa, na mengi ni ya kwangu. Hakuhitaji kuuliza nani alipiga deki chumba cha seva.

Ijumaa, 8 Machi

Kwa msimamizi, na fundi yupo. Msimamizi kasema kunifukuza ni rahisi, ila vyoo vitasafishwa na nani. Kachukua ufunguo wa chumba cha seva, kanihamishia vyooni. Kisha kafungua ukurasa wangu, kauliza kama nimewahi kusoma mstari wa katikati. Sijawahi. Macho yalikuwa juu kwenye kukataliwa, na chini kwenye namba. Katikati pameandikwa: taja atakayeshika nafasi yako. Mlinzi alimtaja mwenzake wa zamu. Msimamizi kasema mashine haina chuki na mtu. Fundi kacheka mpaka kashika ukuta, kasema mwandike mwenzako wa vyooni, baba, uende ukamwoze mtoto.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwandika. Limekubaliwa! Mama watoto kalia, kanitukana, kacheka, yote kwa pumzi moja.

Halafu nikatazama chini ya ukurasa. 3.

Halafu wasomi waniambie mashine haina chuki. Nimeizima asubuhi moja tu, imeshika adabu. Nikirudi nitaanza na ile ya kuweka kidole mlangoni, inayodai kila siku nimechelewa. Waya wake nimeshauona.